Laptopu Kuukuu, Stima Kidogo: Seva ya Nyumbani Kitengela

Kompyuta ya ENIAC ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa ikila kilowati 150 za umeme. Kwa hesabu ya tokeni zetu, hizo ni uniti 150 kila saa, na nyumba nyingi za Kitengela zenye friji na televisheni hazimalizi uniti hizo kwa mwezi mzima. Kwa umeme wote huo, mashine ile yenye valvu za kioo zaidi ya 17,000 ilijumlisha nambari mara 5,000 hivi kwa sekunde. Laptopu iliyoachwa juu ya kabati huko Milimani au Noonkopir kwa sababu imezeeka hujumlisha mara mabilioni kwa sekunde, tena kwa umeme wa balbu chache tu.

Mabadiliko hayo yalipimwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha hesabu za kompyuta zilizotengenezwa kati ya 1946 na 2009. Kwa kila mashine waliuliza mambo mawili: ilifanya hesabu ngapi kwa saa, na ilitumia umeme kiasi gani ikiwa kazini. Walipozipanga zote kwa miaka, waliona kwamba kazi inayopatikana kwa uniti moja ya stima ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 1.57, yaani karibu mara mia katika kila miaka kumi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tangu miaka ya 2000 mwendo huo umepungua, na sasa kufika maradufu kunachukua zaidi ya miaka miwili.

Wengi wanaofuatilia teknolojia huisoma habari hiyo ya pili kwa masikitiko. Mimi naiona ina heri kwetu. Maendeleo yakipunguza mwendo, mashine ya miaka kumi iliyopita haiachwi mbali sana na ya leo, na kuitunza hakumfanyi mtu kuwa mshamba. Ndiyo maana nataka kueleza jinsi laptopu kuukuu inavyoweza kugeuzwa seva ya nyumbani, na sayansi inasema nini kuhusu kufanya hivyo hapa Kajiado.

Seva ni kompyuta ambayo hakuna anayekaa mbele yake. Inawekwa kwenye kona, imewashwa usiku na mchana, na kazi yake ni kuhifadhi vitu na kuvitoa kila vinapoitishwa. Picha za familia, masomo ya watoto, hesabu za duka na kumbukumbu za chama vyote vinakaa humo, na simu yoyote ya nyumbani inavipata kupitia waifai bila kutumia bando hata kidogo. Kazi hii haihitaji nguvu nyingi. Kusoma faili kwenye diski na kuipeleka kwa simu ni mzigo mwepesi ambao prosesa ya mwaka 2014 inaubeba huku imesinzia.

Kusinzia huko ndiko kunakookoa stima, na kunatokana na jambo moja la fizikia ya chipu. Ndani ya chipu kuna swichi ndogo mno, kwa mabilioni, na kila swichi ikigeuka kuna chaji ya umeme inayojazwa kisha kumwagwa. Chukua tangi la maji juu ya mnara, kama yale yaliyojaa kwenye ploti za Kitengela. Ukirefusha mnara mara mbili na papo hapo ukapandisha maji mara mbili zaidi, kazi ya pampu inakuwa mara nne. Volti ndani ya chipu inafanya vivyo hivyo, kwa sababu ikipanda inaongeza wingi wa chaji na pia inaongeza nguvu ya kuisukuma. Kwa hiyo umeme unaotumika hufuata kipeo cha pili cha volti, ukizidishwa kwa kasi ambayo swichi zinageuka. Ukipunguza volti kwa asilimia 20 na kasi kwa asilimia 20, matumizi haya yanashuka hadi karibu nusu.

Kwa miaka mingi wahandisi walitegemea kanuni hiyo, wakifinya swichi na kushusha volti pamoja. Kufikia mwaka 2005 hivi walikwama, kwa kuwa swichi zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja ndani yake hata zikiwa zimefungwa. Wakaanza kuzima kabisa sehemu za chipu zisizo na kazi, hata kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Waliofaidika zaidi ni watengenezaji wa laptopu, ambao daima wanapigania maisha ya betri. Laptopu nyingi zilizotoka kuanzia takriban 2013, zikiwa zimewashwa bila kazi na kioo kimezimwa, hula wati 6 hadi 12 tu. Kompyuta ya mezani ya umri huohuo, isiyowahi kufikiriwa kuishi kwa betri, mara nyingi hula wati 40 hadi 80 ikiwa haifanyi chochote.

Seva ya nyumbani hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, na kwa hiyo kipimo cha kufuata ni umeme inaokula ikiwa imetulia. Kasi yake ya juu si muhimu sana. Tufanye hesabu, tukichukulia kwamba uniti moja, pamoja na kodi na tozo zote, ni shilingi 28. Laptopu ya wati 10 ikiwaka mwezi mzima hutumia uniti 7.2, karibu shilingi 200. Kompyuta ya mezani ya wati 60 hutumia uniti 43, shilingi 1,200 na zaidi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni mapema. Kwa mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi analipa bei ya chini kabisa, anayefika hadi 100 analipa ya kati, na anayepita hapo analipa ya juu. Mama anayetumia uniti 25 akiweka kompyuta ya mezani kama seva atalipia hizo 43 za mashine, kisha hata uniti zake za taa na televisheni zitapandishwa bei. Kwake yeye hata uniti saba za laptopu ni za kupimwa. Nunua au azima mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, iache usiku kucha, usome asubuhi. Makadirio yangu ya wati yasichukue nafasi ya mita.

Kelele nayo ina hesabu yake. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu husikia mshuko wa desibeli 10 kama sauti iliyopungua nusu. Umeme unaozungusha feni hiyo hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa sababu hiyo mashine baridi huwa kimya, na laptopu ya wati 10 katika nyumba ya chumba kimoja haiwezi kumwamsha mtoto. Seva za ofisini zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zile bapa za chuma, ziepuke hata ukipewa bure. Feni zake ndogo zinapiga kelele kama mzinga wa nyuki na hula umeme mwingi hata zikiwa bila kazi.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofuatilia kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake tangu malighafi hadi boksi. Ilibainika kwamba kuitengeneza kulichukua angalau kilo 240 za nishati ya makaa, mafuta na gesi, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Watafiti hawakuipima kwa kuikata vipande. Walifuata kila hatua ya kiwanda, hasa utengenezaji wa chipu, ambao unataka usafi na joto la kiwango cha juu sana. Tafiti za baadaye juu ya laptopu zimeendelea kuonyesha jambo hilohilo, kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa ya maisha yake hutolewa kiwandani, kabla mwenyewe hajaifungua.

Uzito wa ukweli huo unategemea mahali unapoishi. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe ili kupata umeme, mtu anaweza kusema kwamba mashine mpya inayokula kidogo zaidi itafidia gharama ya kutengenezwa kwake. Hapa Kenya umeme mwingi unatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo. Kaunti yetu wenyewe ina mitambo ya upepo ya Kipeto, mapangaboi 60 yenye uwezo wa megawati 100, na ile ya Ngong ambako mapangaboi ya kwanza yalisimamishwa mwaka 1993. Kwa kuwa kila uniti inayoingia nyumbani ni safi kwa kiasi kikubwa, karibu uchafu wote wa laptopu uko nyuma yake tayari. Anayeitumia miaka mitano zaidi hapa Kajiado anaokoa zaidi kuliko anayefanya hivyo katika nchi ya makaa. Sisi ambao kwa kawaida tunapokea mitumba ya wengine tuna sababu ya kisayansi ya kuithamini kuliko wale walioituma.

Na mitumba inakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na toleo linalofuata halikubali rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Mashine nzima, zisizo na kasoro, zinaondolewa kwenye maofisi ya Ulaya, na baadhi yake hufika Luthuli Avenue zikiitwa ex-UK. Mfumo wa Linux, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na usiolipiwa, unakaa humo bila shida. Debian na Ubuntu ni matoleo yake mawili ambayo fundi yeyote wa kompyuta atakuwa ameyasikia. Tahadhari ni moja: mwaka 2025 toleo jipya la Debian liliacha kutoa kisakinishi cha prosesa za biti 32. Kwa hiyo mashine ya kale mno, ya kabla ya 2006 hivi, iende kwa wachakataji wa taka.

Taka zenyewe si jambo la mbali. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nyingi ya zinazobaki hufukiwa au huchomwa ili kutoa shaba. Moshi na majivu ya nyaya na bodi hizo vina madini ya risasi, na sayansi haijapata kiwango chochote cha risasi ambacho ni salama kwa ubongo wa mtoto. Mama anayefua nguo karibu na mahali nyaya zinapochomwa ana haki ya kulijua hilo. Kuipa mashine kazi ya pili hakumalizi tatizo, kunaliahirisha tu, ila wakati huo unatosha kuipata kampuni inayochakata taka hizi kwa kibali.

Nani atafaidika? Naanza na mwanafunzi. Programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huiweka Wikipedia nzima ndani ya diski. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua takriban gigabaiti 100, na ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inatosha kwenye flashi ya kawaida. Kolibri nayo ilitengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, ikiwa na video na mazoezi ya hisabati na sayansi. Ukiviweka vyote viwili kwenye laptopu moja, watoto wa ploti nzima wanasoma kwa simu za wazazi jioni bila bando. Sitasema kwamba hilo litapandisha alama. Vifaa vya kujifunzia bila mwalimu au mzazi wa kuuliza maswali mara nyingi vimeleta matokeo hafifu vilipopimwa. Ila mtoto wa Gredi ya 9 mwenye kazi ya mradi hatahitaji tena kulilia salio ili atafute maana ya kupinda kwa nuru.

Kwa chama na duka, faida ni kumbukumbu. Mhasibu wa chama akipoteza simu, mara nyingi miaka ya michango huenda nayo. Kwa mkulima wa nyanya wa Isinya, tarehe za kupuliza dawa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni taarifa zinazomlinda mlaji, na mnunuzi makini huziulizia. Mfugaji wa Bissil asiye na stima ya gridi anaweza pia. Wati 10 kwa siku nzima ni watisaa 240. Paneli ya wati 100, kwa saa tano hivi za jua kamili tunazopata, hutoa takriban watisaa 400 baada ya hasara za njiani, na betri ya volti 12 yenye ampeasaa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hushika 600. Kwa hiyo siku mbili za mawingu zinavukwa. Seva haileti mvua wala haifufui ng'ombe waliokufa katika ukame wa 2020 hadi 2023. Inachoweza ni kuhifadhi chanjo, uzao na mauzo ya kundi mahali ambapo ndugu wote wanayaona.

Nigeukie hatari, na ya kwanza ni diski. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Zilizofika mwaka wa tatu zilikufa kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya onyo kwenye kumbukumbu zake za ndani. Diski ya laptopu ya mtumba tayari ni mzee. Weka ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, haina sauti na hula umeme mdogo. Kisha, hata kwa hiyo mpya, nakili kila kitu kwenye diski ya pili, na nakala moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi Kajiado mjini au kwa rafiki Rongai. Mwizi akiingia anabeba laptopu na diski iliyo kando yake pamoja, na Mto Athi ulipofurika mwaka 2024 maji hayakuchagua.

Hatari ya pili ni betri. Uzuri wa laptopu ni kwamba stima ikipotea haizimiki papo hapo; betri yake inaishika kwa muda, na kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme wa ruta kinafanya waifai iendelee. Lakini betri ya lithiamu inayokaa imejaa asilimia mia kwenye joto kwa miezi huchakaa haraka na huweza kuvimba. Mashine nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, utumie. Laptopu ikianza kuyumba mezani kwa sababu tumbo limetoka, au padi ya kugusa ikainuka, zima, ondoa betri, usiitoboe wala kuitupa jalalani. Laptopu nyingi huendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake. Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, mbali na pazia na godoro.

Halafu kuna vumbi. Anayeishi Kitengela wakati wa kiangazi, barabara za murram zikitifuka na malori ya saruji yakipita kuelekea Athi River, hahitaji kuhadithiwa. Nimewahi kumtazama fundi akifungua laptopu iliyokuwa ikilia kama mashine ya kunyolea. Kati ya feni na vichuma vya kupoza palikuwa na utando wa kijivu, mzito kama kitambaa cha blanketi, na ulitoka mzima alipouvuta kwa kibano. Chini yake krimu ya kupitishia joto kwenye prosesa ilikuwa imekauka ikawa unga wa chaki. Alipangusa, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, na mashine ikanyamaza. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuiweka seva, kisha irudiwe kila mwaka, na mashine ikae kwenye rafu wala isiwekwe sakafuni.

Kuhusu intaneti, anwani za aina ya zamani ni bilioni 4.3 tu duniani, hazitoshi, kwa hiyo mitandao mingi huwapa wateja wengi anwani moja. Matokeo yake ni kwamba seva yako kwa kawaida haionekani kutoka nje. Iache hivyo mwanzoni. Atakayekushauri ufungue milango ya ruta ili uone picha zako ukiwa Mombasa, mwombe kwanza akuwekee njia iliyofungwa kwa ufunguo, na hakikisha masasisho ya usalama yanajiweka yenyewe. Ukihifadhi taarifa za watu wengine, kama wanachama, wanafunzi au wagonjwa, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama mashine iko chini ya ngazi nyumbani kwako. Na diski ya mtumba ifutwe kabisa kabla ya kutumika, kwa heshima ya mtu asiyejulikana aliyeiacha na picha zake.

Jambo la mwisho huwa linasahauliwa na kila anayeweka seva, hata walio hodari. Anayeijua seva katika nyumba nzima huwa ni mtu mmoja, mara nyingi kijana ambaye kesho atapata kazi Nairobi au ataenda chuo Eldoret. Andika kwenye karatasi nywila, mahali nakala zilipo na namna ya kuzima na kuwasha, uiweke na hatimiliki na vyeti vya kuzaliwa. Kisha Jumamosi moja mwache mama, au mtunza hazina wa chama, aizime na kuiwasha mwenyewe na kurudisha faili moja iliyofutwa, huku aliyeiweka akikaa pembeni bila kugusa kitu.